Ramani Ije Mwisho: Mwongozo Kamili wa Kupanga Nyumba ya Familia Dar es Salaam

Kosa ni lilelile kila mwaka. Mtu ananunua ramani ya vyumba vitatu kwenye simu, imechorwa kwa kiwanja cha mtu mwingine, anaipeleka kwenye mita zake 20 kwa 20 za Goba au Chanika. Fundi anaikata hapa, anaisogeza pale. Halmashauri inairudisha. Au inajengwa kimyakimya, na miaka miwili baadaye gari la kunyonya maji taka halina pa kupita, chumba cha bibi hakina choo karibu, na chumba cha masta kinachemka mpaka saa sita usiku.

Dawa yake ni kugeuza mpangilio: kiwanja na sheria kwanza, watu wa nyumba pili, ramani mwisho. Hatua hizi ni za nyumba ya chini isiyo na ghorofa. Kwa ghorofa zote zinabaki, ila unaongeza mhandisi tangu siku ya kwanza.

Vitu vya kuandaa

- Hati miliki au barua ya toleo, na risiti ya kodi ya pango la ardhi ya mwaka huu.
- Ramani ya upimaji yenye namba za bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja.
- Futi kamba ya mita 30 au 50, vigingi 20, kamba ya katani mita 100, chokaa mfuko mmoja.
- Jembe, ndoo mbili za maji na saa.
- Dira, ile ya kwenye simu inatosha.
- Karatasi ya miraba na penseli. Chora kwa kiwango ambacho sentimita 1 ni mita 1.
- Orodha ya samani zako kubwa na vipimo vyake: vitanda, makabati, kochi, friji, jiko.

Usiagize tofali wala mchanga kabla hujamaliza hatua zote. Rundo la mchanga likishamwagwa, nyumba huanza kujipanga kulizunguka.

## Hatua ya 1: Hakiki kiwanja na matumizi yake

Nenda na ramani ya upimaji ukatafute kila bikoni kwa macho yako. Pima umbali kati yake. Kama karatasi inasema mita 20 na futi inasema 19.2, simama hapo umwite mpima. Ukuta wa jirani si ushahidi wa mpaka.

Ofisi ya ardhi ya halmashauri iulizwe jambo moja: kiwanja kimepangiwa matumizi gani? Makazi peke yake ni tofauti na makazi na biashara. Fremu mbili za duka zinazoleta kodi ni hitaji halali la familia nyingi za Dar, lakini kwenye kiwanja cha makazi tu zinahitaji kubadilishiwa matumizi kwanza. Ukizichora bila hilo, ramani nzima inarudi kwa sababu yake.

Kisha pima hatari mbili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au kingo za mto. Hapa mjini hiyo inagusa Msimbazi, Kizinga, Mzinga, Tegeta, Mpiji na matawi yake, hata yale yanayoonekana kama mtaro mkavu mwezi wa Agosti. Sheria ya Barabara ya 2007 iliweka hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kuwa mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Baadhi ya barabara zina hifadhi pana zaidi: Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kuelekea Kibaha ni mojawapo, na nyumba nyingi zilibomolewa huko mwaka 2017. Alama ya X nyekundu haiangalii uzuri wa vigae vyako.

Umefaulu ukiwa na: bikoni zote, vipimo vinavyolingana na karatasi, na matumizi ya kiwanja yaliyothibitishwa na ofisi.

## Hatua ya 2: Toa ardhi usiyoruhusiwa kujengea

Kila kiwanja kina umbali ambao jengo lazima liuache mbele, nyuma na kando. Unategemea ukubwa wa kiwanja na mpango wa eneo, na viwango vimewekwa kwenye kanuni za mipango miji za 2018. Usikubali namba za fundi. Waombe mipango miji wa halmashauri yako wakuandikie za kiwanja chako.

Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme kiwanja ni mita 20 kwa 20, umeambiwa uache 3 mbele, 3 nyuma na 1.5 kila upande. Unabaki na upana wa mita 17 na kina cha mita 14: mita za mraba 238 kati ya 400. Uliza pia ni asilimia ngapi ya kiwanja inaruhusiwa kufunikwa na jengo, maana jibu linaweza kukubana kuliko mistari yenyewe.

Umbali huo una kazi. Moto wa nyumba moja usirukie ya pili, upepo upite, na mtu aweze kuzunguka nyumba yake kurekebisha bomba bila kuomba njia kwa jirani. Anayejenga mpaka kwenye ukuta wa fensi hupoteza dirisha la upande huo milele, kwa sababu jirani naye akijenga hivyohivyo, mnabaki mkitazamana na plasta.

Chora mstatili huo kwenye karatasi. Kila kitu kiwe ndani yake.

## Hatua ya 3: Soma mwinuko, maji na udongo

Fanya hatua hii wakati wa masika kama unaweza, Machi hadi Mei. Kiwanja kizuri cha Septemba kinaweza kuwa bwawa la Aprili. Kama huwezi kusubiri, tembea ukitafuta mstari wa matope kwenye kuta za majirani, na uwaulize wazee wa mtaa maji yalifika wapi.

Sakafu yako ipangwe kwa kuangalia katikati ya barabara, siyo kwa kuangalia udongo wa kiwanja. Mtaa wa vumbi wa leo utamwagiwa kifusi na kushindiliwa, pengine utawekwa lami, na kila safari utapanda. Nyumba iliyokuwa juu ya barabara inakuwa bonde. Sentimita 45 juu ya katikati ya barabara ni kiwango cha kuanzia. Kama alama ya mafuriko iko juu zaidi, ifuate hiyo na uongeze 30.

Jaribio la kunyonya maji ni hili. Mahali unapofikiria kuweka shimo la kunyonyea, yaani lile linaloachia maji taka yanywewe na ardhi, chimba kina cha mita 1. Chini yake chimba kishimo cha sentimita 30 kwa 30. Jaza maji, yaache yanywewe yote, kisha jaza tena na upime muda. Kama maji yanashuka sentimita 2.5 ndani ya nusu saa, udongo ni mzuri. Yakichukua zaidi ya saa nzima, shimo la kawaida litafurika. Utahitaji tangi kubwa la kunyonywa mara kwa mara, na gharama hiyo iingie kwenye bajeti sasa.

Maeneo ya karibu na bahari, kama sehemu za Kigamboni, Mikocheni na Mbweni, yana tatizo la kinyume: mchanga unanyonya vizuri lakini maji ya ardhini yako karibu. Acha walau mita 1.5 kati ya kitako cha shimo na maji hayo. Usipoacha, hunyonyeshi kitu. Unachanganya maji ya choo na ya visima vya mtaa mzima.

## Hatua ya 4: Hesabu watu, siyo vyumba

"Vyumba vitatu" ni jibu la swali ambalo halijaulizwa. Andika majina ya watakaolala humo leo, na watakaolala humo miaka 10 ijayo. Halafu jibu haya:

Nani hawezi ngazi wala umbali mrefu usiku? Mzee anahitaji chumba ambacho choo kiko hatua chache, mlango wenye upenyo wa sentimita 80 au zaidi, na sakafu isiyo na kizingiti.

Wageni wa mikoani wanakaa wiki ngapi? Kama jibu ni "wanakaa tu", chumba chao kiwe karibu na choo cha pamoja na mbali na masta. Dada wa kazi analala wapi? Chumba chenye mlango unaofungwa, siyo godoro la stoo.

Shughuli na misiba itafanyikia wapi? Sebule hutolewa makochi, mikeka ikatandikwa, uwani kukawekwa masufuria. Ukimeza uwani wote kwa vyumba, siku hiyo utakodi barabara. Mlango mkubwa uwe na upana wa mita 1.2, wa vipande viwili vinavyofunguka, na korido isiwe chini ya mita 1.2: kitanda kinapita, friji linapita, na jeneza linapita bila kuinamishwa.

Utapangisha sehemu? Panga tangu sasa mlango wake, LUKU yake na choo chake. Kuja kutenganisha baadaye ni kuvunja.

Kwa familia za Kiislamu kuna jambo ambalo wachoraji husahau. Kutoka Dar es Salaam, kibla kiko karibu kaskazini kamili. Masinki ya choo yaelekee mashariki au magharibi, ili anayekaa asielekee kibla wala kukipa mgongo. Kwenye karatasi ni kugeuza alama moja. Kwenye zege ni kubomoa sakafu.

## Hatua ya 5: Geuza nyumba iendane na upepo

Hapa ndipo ramani za simu zinapoharibika kabisa, kwa sababu hazijui kaskazi wala kusi.

Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, takribani Aprili hadi Septemba. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takribani Desemba hadi Machi. Tazama vizuri: pepo zote mbili zinatoka nusu ya mashariki. Na jua kali la jioni linatoka magharibi. Mambo hayo mawili yanakupa mpangilio karibu wote.

Vyumba vya kulala na sebule vikae upande wa mashariki, kaskazini-mashariki na kusini-mashariki. Jiko, vyoo, stoo na gereji vikae magharibi. Hivyo moshi na harufu vinasukumwa nje badala ya kuingizwa sebuleni, na vyumba visivyolaliwa vinakuwa ngao ya jua la alasiri. Miezi ya joto kali ndiyo miezi ya kaskazi, kwa hiyo kama chumba kimoja tu kinaweza kupata kona ya kaskazini-mashariki, mpe anayelala kwa shida kuliko wote.

Mgongo mrefu wa nyumba uelekee mashariki hadi magharibi ikiwezekana. Jua la mchana huwa juu sana huku kwetu, likiegemea kaskazini kidogo mwezi Juni na kusini kidogo mwezi Desemba, hivyo upenu wa sentimita 60 hadi 90 unakinga kuta ndefu za kaskazini na kusini. Ukuta wa magharibi haukingiki kwa upenu. Jua la saa kumi linaingia chini yake. Punguza madirisha hapo au panda mti.

Kila chumba cha kulala kipate madirisha kwenye kuta mbili. Dirisha moja linaomba upepo, mawili yanaupitisha. Na kumbuka dirisha la aluminiamu la kusukuma linafunguka nusu tu: la mita 1.5 kwa 1.5 linakupa uwazi wa mita za mraba 1.1. Kwa chumba cha 3.6 kwa 3.6, chenye karibu mita za mraba 13, huo ni kiasi cha kutosha kwa dirisha la kwanza, bado la pili.

Onyo: nondo za madirisha zilizochomelewa zote ni mtego wa moto. Kila chumba cha kulala kiwe na grili moja inayofunguka kwa ndani, ufunguo ukining'inia karibu ambapo mtoto anaujua.

Barabara ikiwa magharibi, watu hutaka sebule itazame geti. Geuza mlango, weka kibaraza chenye kivuli kirefu, lakini vyumba vya kulala visihamie huko kwa ajili ya sura.

## Hatua ya 6: Pima vyumba kwa samani

Kabla ya vipimo, jua mtego huu. Ramani nyingi huonyesha vipimo kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta mwingine. Tofali la inchi 6 lina milimita 150, na plasta pande mbili inaongeza kama 30. Chumba kilichoandikwa mita 3 kinakupa mita 2.82 za ndani. Andika kila kipimo kuwa "ndani baada ya plasta".

Kitanda cha sita kwa sita pamoja na fremu kinachukua karibu mita 2 kwa 1.95. Kabati linachukua kina cha sentimita 60. Kwenye chumba cha 2.82 unabaki na sentimita 27 kati yake. Mlango wa kabati hautafunguka. Ndiyo maana:

- Masta: 3.6 kwa 4.2, bila kuhesabu choo.
- Chumba cha kawaida: 3.6 kwa 3.6; cha mtoto mmoja kisishuke chini ya 3 kwa 3.
- Sebule na sehemu ya kulia: 4.2 kwa 6.
- Jiko: 3 kwa 3, stoo 1.5 kwa 2.
- Choo na bafu pamoja: 1.5 kwa 2.1.
- Kimo hadi dari: mita 3. Ni kozi 12, yaani mistari 12, za tofali zilizosimama, hivyo hakuna kukata.

Punguza kona. Nyumba ya mita 11 kwa 10 ina mzunguko wa mita 42. Ukubwa uleule ukivunjwavunjwa kwa vibanda na mikunjo unafika mita 50 kirahisi. Mita 8 za ziada kwa kimo cha mita 3 ni mita za mraba 24, na kila moja hula tofali 9 za kusimama: tofali 216, kabla ya msingi, plasta ya pande mbili na rangi. Kona moja ya urembo mbele inatosha.

## Hatua ya 7: Maji, maji taka, gesi na umeme

Weka jiko na vyoo mgongo kwa mgongo. Bomba fupi huziba mara chache.

Bomba la inchi 4 literemke sentimita 2.5 kwa kila mita. Likilala, uchafu unakaa. Likiteremka mno, maji yanakimbia na kuacha uchafu nyuma. Weka chemba kila linapokata kona.

Tangi la maji taka la watu 8: urefu wa ndani mita 2.4, upana 1.2, kina cha maji 1.5. Ni zaidi ya lita 4,000, na linavumilia miaka kadhaa kabla ya kunyonywa. Liweke upande wa geti ili mpira wa gari ufike. Lisikae chini ya maegesho isipokuwa mfuniko umepigiwa hesabu na mhandisi. Shimo la kunyonyea liwe mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote, cha jirani kikiwemo. Kwenye kiwanja cha mita 20 hesabu hiyo haitimii, kwa hiyo chagua: maji ya DAWASA na shimo, au kisima na tangi lisilovuja.

Maji ya bomba hukatika. Watu 8 kwa lita 80 kwa siku ni lita 640; siku 5 ni 3,200. Simtanki la lita 5,000 linafaa, lakini likijaa lina tani 5. Lipe mnara wake wenye msingi wake.

Mtungi wa gesi ukae nje, kwenye kibanda chenye matundu chini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni. Jiko la mkaa lipewe banda la uwani, maana litatumika tu, hata na asiyekubali.

Kwenye umeme, dai saketi tofauti: waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, 6 kwa jiko la umeme. Weka alama za viyoyozi hata kama utavinunua baada ya miaka 5.

## Hatua ya 8: Amua paa mapema

Paa la kuficha bati ndilo fasheni, na ndilo linaloongoza kwa kuvuja. Mvua ya milimita 50 ndani ya saa moja juu ya mita za mraba 110 ni lita 5,500, na zote zinapaswa kupita kwenye mfereji uliofichwa nyuma ya ukuta. Jani moja la mwembe linatosha kuuziba. Tena paa hilo halina upenu, kwa hiyo umepoteza kivuli cha hatua ya 5.

Ukilitaka hata hivyo: mabomba ya kushushia yawe mawili au zaidi, ya inchi 4, na ukutani kuwe na matundu ya dharura sentimita 5 juu ya kitako cha mfereji ili maji yakizidi yatokee nje badala ya darini. Kwa paa la kawaida, mteremko wa nyuzi 15 au zaidi, upenu, na matundu ya hewa yenye nyavu chini ya upenu.

## Hatua ya 9: Tembea ndani ya nyumba kabla haijajengwa

Chora kila ukuta ardhini kwa chokaa. Lete makochi mawili na kitanda, viweke. Mwite anayepika asimame jikoni. Mwambie mzee atembee kutoka kitandani hadi chooni. Watu wasiojua kusoma ramani huona kosa kwa dakika moja wakiwa wamesimama ndani yake.

Rekebisha, kisha hamishia kwenye karatasi yako ya miraba.

## Hatua ya 10: Mpe msanifu, omba kibali

Sasa mtafute msanifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na kwa mihimili na nguzo, mhandisi aliyesajiliwa na bodi yake. Ukiwa na karatasi yako, vipimo vya hatua ya 2 na matokeo ya udongo, unamlipa kwa kusanifu badala ya kubahatisha.

Maombi yanakwenda kwenye halmashauri yako: Jiji la Dar es Salaam, ambalo ndilo Ilala ya zamani, au Manispaa ya Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Ambatanisha uthibitisho wa umiliki, risiti ya kodi, na michoro ya jengo na ya mihimili. Mchoro wa eneo uonyeshe mipaka, umbali wa kila upande, barabara, tangi na shimo. Michoro inayorudishwa mara nyingi hukosa hayo ya mwisho, au hubeba namba ya kiwanja isiyofanana na ya hati.

Kibali kikitoka, nakala ikae saiti. Ukibadili kitu kikubwa, rudi uombe kabla ya kujenga.

Siku fundi anapofunga kamba za msingi, usipime kuta peke yake. Pima mishazari. Kwa nyumba ya mita 11 kwa 10, kona hadi kona ni mita 14.87. Mmoja ukisoma 14.87 na mwingine 14.95, nyumba imepinda na vigae vitakuonyesha kila siku. Fungueni kamba, anzeni upya. Yote miwili ikilingana, mruhusu achimbe.